Yates Alijitoa Akiwa Juu, Froome Akakataa Kutoka: Nani Hapa Aliuza Timu?

Januari 7, 2026, wakati wengi wetu tulikuwa tunapambana na Njaanuary na karo za watoi, kuna jamaa huko Ulaya alifanya kitu ambacho kwa macho ya mtaa hakina akili kabisa. Simon Yates, Muingereza wa miaka 33, aliacha mbio za baiskeli. Hakungoja mwisho wa msimu na hakutaka mbio za kuaga mashabiki. Alitoka papo hapo. Miezi 7 nyuma alikuwa ameshinda Giro d'Italia, mojawapo ya mbio 3 kubwa zaidi duniani. Julai hiyo hiyo ya 2025 akashinda mkondo mmoja wa Tour de France. Mkataba wake na timu ya Visma-Lease a Bike ulikuwa unaenda hadi mwisho wa 2026. Yaani doo ilikuwa inakuja kila mwezi, na yeye akaiwacha mezani.

Alichosema ni kwamba ni kitu alikuwa amekiwaza kwa muda mrefu na akaona saa imefika. Hakukuwa na kashfa wala vita na kocha. Msee alihepa tu.

Sasa hapo ndipo watu hugawanyika. Kuna wale husema huyu ni mjanja, ametoka kabla ya mwili kumtoa. Na kuna wale huuliza: na timu je? Hao wamelipa, wamepanga msimu mzima wakimhesabu kama mtu wa kumvuta Jonas Vingegaard milimani, halafu wiki ya kwanza ya mwaka unawaambia kwaheri? Huo si usaliti?

Mimi nasema hapana. Lakini ili unielewe, lazima nikupeleke kwenye mlima mmoja Italia, siku moja ya 2018, ambapo karibu stori hii yote iko. Na kuna mtoto wa Nairobi ndani yake.

Mlima mmoja, wasee watano

Huo mlima unaitwa Colle delle Finestre. Ni kilomita 18 na ushee za kupanda, na zile 8 za mwisho hazina lami, ni murram kama barabara ya ushago. Mei 25, 2018, Giro ilipita hapo kwenye mkondo wa 19. Simon Yates ndiye alikuwa amevaa jezi ya waridi, ile ya anayeongoza. Alikuwa ameivaa siku 13 na kushinda mikondo 3. Alibakisha siku mbili ngumu tu, hiyo na ya kesho yake, aingie Roma kama bingwa.

Akazimika. Unajua vile mathree huzima kwa mlima, dere anakanyaga na hakuna kitu? Hivyo. Siku hiyo moja alipoteza zaidi ya dakika 38.

Aliyempiga ni nani? Chris Froome. Alizaliwa Nairobi 1985, akafunzwa na David Kinjah na vijana wa Safari Simbaz kule Kikuyu, akavaa rangi za Kenya kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Melbourne 2006. Froome alikuwa namba 4 asubuhi hiyo, zaidi ya dakika 3 nyuma. Alishambulia kwenye hiyo murram, zikiwa zimebaki kilomita 80, akaenda peke yake mpaka mwisho na akaibuka na jezi. Wenye kupenda mchezo huu bado wanabishana kuhusu siku hiyo, maana Froome alikuwa anakimbia huku kesi yake ya dawa ya pumu, salbutamol, ikiwa haijaisha. Ilitupiliwa mbali Julai mwaka huo.

Nyuma ya Froome kulikuwa na Tom Dumoulin wa Uholanzi, bingwa wa Giro ya 2017. Kulikuwa na Thibaut Pinot wa Ufaransa. Na kulikuwa na Fabio Aru, bingwa wa Italia, ambaye alishindwa kabisa siku hiyo akashuka kwenye baiskeli.

Cheki hayo majina matano vizuri. Aru alistaafu 2021 akiwa na miaka 31. Dumoulin aliacha 2022, miaka 31 pia. Pinot, 2023, miaka 33. Yates sasa, miaka 33. Aliyekuwa mzee kuliko wote siku hiyo, Froome, ndiye alikuwa bado kwenye baiskeli 2025 akiwa na miaka 40.

Hii haitokani na bahati mbaya. Na ukitaka kuongeza, kuna Marcel Kittel, sprinta Mjerumani mwenye ushindi wa mikondo 14 ya Tour de France. Alivunja mkataba na Katusha-Alpecin Mei 2019, na Agosti akasema ameacha kabisa. Miaka 31. Alikuwa anangoja mtoto, na alisema hataki kumwona akikua kupitia Skype. Caleb Ewan wa Australia naye alishinda mbio mbili mapema 2025 akiwa na timu mpya ya Ineos Grenadiers, halafu Mei akasema bas. Miaka 30.

Kazi ya makanga

Kama hujawahi kufuata baiskeli, shida ya kuelewa huu mchezo ni kwamba unaonekana wa mtu mmoja na si wa mtu mmoja. Kwenye Tour de France kila timu inaleta wasee 8. Kati ya hao, labda mmoja ndiye wa kushinda. Wengine 7 wako kazini. Wanamkinga upepo, kwa sababu ukiwa nyuma ya mwenzako unatumia nguvu kidogo sana kuliko aliye mbele. Wanarudi kwa gari la timu kuchukua chupa za maji, wanazijaza ndani ya jezi mgongoni, wanapanda tena mbele kuwagawia wenzao. Gurudumu la kapteni likipasuka, unampa lako, wewe ubaki kando ya barabara ukingoja. Ulaya wanawaita domestiki. Sisi tungewaita makanga: ananing'inia mlangoni siku nzima, lakini hakuna mtu hukumbuka jina lake, gari ndiyo inajulikana.

Mshindi wa Tour hupata yuro 500,000, na kwa desturi hazibaki mfukoni mwake, zinagawanywa kwa wenzake na wafanyakazi wa timu. Hiyo desturi ni ya maana sana. Inakuambia kwamba ndani ya hii kazi kila mtu anajua ushindi ulitoka wapi.

Kwa hivyo uaminifu kwa timu kwenye baiskeli hauko kama kwa mpira, ambapo unabusu nembo ya jezi leo na Januari unahama. Huku uaminifu unapimwa kwa siku. Leo umetumia miguu yako kwa ajili ya nani? Ulingoja ama hukungoja?

Na kungoja kunauma. Froome anajua. Vuelta ya Hispania 2011 alikuwa ametumwa kumsaidia Bradley Wiggins. Alivuta, akasubiri, na mwishowe yeye ndiye alionekana kuwa na nguvu zaidi. Akapoteza kwa sekunde 13 kwa Juan José Cobo. Ilichukua mpaka 2019, Cobo alipoadhibiwa kwa doping, ndio Froome apewe huo ushindi. Mwaka uliofuata, Tour ya 2012, kwenye mlima wa La Toussuire, Froome alimwacha Wiggins nyuma, halafu redio sikioni ikaongea, na dunia nzima ikamwona akipunguza mwendo kumngoja bosi wake. Wiggins alishinda Tour. Froome akawa wa pili. Mwaka mmoja baadaye zamu ilikuwa yake.

Dumoulin naye ana yake. Ile siku ya Finestre 2018, baada ya kuvuka kilele, badala ya kumfukuza Froome peke yake, aliamua kumngoja Sébastien Reichenbach, ambaye hakuwa hata wa timu yake, alikuwa msaidizi wa Pinot, ndio wasaidiane bondeni. Pengo likakua. Giro ikaisha Dumoulin akiwa wa pili kwa sekunde 46. Alikuwa amehesabu kwamba watu wengi watavuta vizuri kuliko mtu mmoja, na hesabu ikamkataa.

Baadaye Dumoulin alitoka Sunweb kabla ya mkataba kuisha akaenda Jumbo-Visma, timu ile ile ambayo baadaye ikawa ya Yates. Tour ya 2020 alifika kama mmoja wa makapteni, akaishia kumvutia Primož Roglič, na Roglič akanyang'anywa jezi ya njano na Tadej Pogačar siku moja kabla ya Paris. Hebu fikiria hiyo. Umejitoa mwili mzima kwa msee mwingine, na bado timu haijashinda.

Januari 2021 Dumoulin alitoka kwenye kambi ya timu akasema anapumzika bila kujua atarudi lini. Alisema anajihisi kama mtu ametua mkoba wa kilo 100 kutoka mgongoni. Alirudi, akachukua medali ya fedha ya Olimpiki Tokyo, lakini moto haukurudi. Juni 2022 alitangaza ataacha mwisho wa mwaka. Agosti hata huo mwisho wa mwaka ukamshinda kuungoja.

Hiki kitu ndicho watu wa mkataba hawaelewi. Mkataba unaweza kumlazimisha msee afike kwenye mstari wa kuanzia, ila njaa ya kushinda hauwezi kumpa. Na maisha yenyewe ya hii kazi yamekuwa magumu kuliko zamani. Zamani Desemba ilikuwa ya kula na kunenepa. Leo kila gramu ya wali inapimwa, kuna programu ya simu inakuambia ule nini, unatumwa kambi milimani wiki kadhaa mara kadhaa kwa mwaka ukilala kwa hoteli juu ya mawingu mbali na familia, halafu ndio uende mbio. Sisi tunaijua hiyo maisha, Iten iko hapa. Tofauti ni kwamba mkimbiaji wa marathon hukimbia mbio kubwa mbili hivi kwa mwaka. Mwendesha baiskeli ana siku 60, 70 za mashindano, na kila siku kuna uwezekano wa kuanguka kwa kilomita 80 kwa saa akiwa amevaa nguo nyepesi kama soksi. Juni 2023 Gino Mäder wa Uswisi, miaka 26, alianguka akishuka mlima wa Albula kwenye Tour de Suisse akafariki siku iliyofuata. Waliokuwa kwenye hizo mbio walirudi kazini. Ukiwa baba wa mtoto mmoja, unarudi vipi kushuka mlima unaofuata bila kugusa breki?

Timu nayo ni mwaminifu kwa nani?

Wale wanaosema Yates aliuza timu wangeanza kwa kuuliza timu ni nini.

Yates alianza kazi 2014 na timu moja ya Australia na akakaa misimu 11. Hiyo ni ndoa kabisa. Lakini katika hiyo miaka, timu ilianza ikiitwa Orica-GreenEDGE, ikawa Orica-BikeExchange, Orica-Scott, Mitchelton-Scott, ikaendelea kubadilika mpaka leo ni Jayco AlUla. Msee mmoja, jezi zinabadilishwa kama rangi za mathree. Sababu ni rahisi. Timu za baiskeli hazina uwanja, haziuzi tiketi, na pesa za televisheni hazifiki kwao kama mpira. Zinaishi kwa mdhamini. Mdhamini akikohoa, timu nzima inapata homa.

Visma yenyewe ilikuwa Rabobank. Mwishoni mwa 2012 benki ilitoka mbio baada ya kashfa ya doping ya Lance Armstrong kulipuka, ikaacha timu ikikimbia mwaka uliofuata kwa jina la Blanco, maanake wazi, bila mdhamini. Mwisho wa 2025 timu ya Ufaransa ya Arkéa-B&B Hotels ilifunga kabisa, ya wanaume na ya wanawake. Intermarché na Lotto za Ubelgiji zikaunganishwa kuwa moja, na ukiunganisha timu mbili, hesabu iko wazi, wote hawawezi kutosha. Biniam Girmay wa Eritrea, mwenye jezi ya kijani ya Tour ya 2024, alikuwa na Intermarché mkataba mpaka 2028. Huu mwaka yuko NSN. Hata Aru, msimu wake wa mwisho ulikuwa na Qhubeka, ile timu ya Afrika Kusini, na mwisho wa mwaka huo huo timu ikakosa doo ikafa.

Kwa hivyo msee akiamua kutoka mwaka mmoja kabla ya karatasi kuisha tunamwita msaliti, lakini mdhamini akitoka tunasema ni biashara. Mimi siwezi kuelewa hiyo mizani.

Aliyepata bahati ya kupenda timu iliyompenda ni Pinot. Huyo alikaa na timu moja, FDJ, tangu 2010 mpaka alipoacha Oktoba 2023. Alishinda Alpe d'Huez 2015, akashinda Tourmalet 2019, na mwaka huo Wafaransa waliamini kabisa atawaletea Tour ya kwanza tangu Bernard Hinault 1985. Siku mbili kabla ya Paris msuli wa paja ukakataa. Akashuka akilia, mwenzake amemshika bega. Hakuwahi kushinda Tour, na timu haikuwahi kumfukuza kwa hilo. Julai 2023, kwenye Tour yake ya mwisho, mashabiki walijaza kona moja ya mlima wa Petit Ballon karibu na kwao wakaifanya kona ya Pinot, na yeye akapita hapo akiwa mbele peke yake. Sasa anafuga mbuzi na wanyama wengine kijijini kwake Mélisey. Ametulia mbaya.

Lakini Pinot ni mmoja. Huwezi kuchukua stori yake ukaifanya sheria ya kumpimia kila mtu.

Na Froome wetu je?

Turudi kwa Froome, maana yeye ndiye mfano wa upande ule mwingine. Tour 4 (2013, 2015, 2016 na 2017), Vuelta 2, Giro 1. Juni 2019 aligonga ukuta akikagua njia huko Roanne, akavunja paja, kiwiko, mbavu. Mtu mwingine angeenda nyumbani. Yeye akarudi. Mwisho wa 2020 akaachana na Ineos, timu aliyokuwa nayo tangu ikiitwa Sky 2010, akasaini na timu ya Israel mkataba mrefu wa kumpeleka mpaka mwisho wa kazi yake.

Misimu 5 hakushinda hata mbio moja. Siku yake nzuri kuliko zote ilikuwa Julai 2022, wa tatu pale Alpe d'Huez. Mwaka uliofuata hakuchaguliwa kwenda Tour, na mwenye timu, Sylvan Adams, akasema hadharani kwamba hawezi kusema wamepata thamani ya pesa zao. Hebu sikia hiyo. Msee alisaini, akakaa, akaheshimu mkataba mpaka mwisho, na bado bosi anamwanika mbele ya vyombo vya habari. Agosti 2025 akaanguka tena mazoezini Ufaransa. Pafu likaporomoka, mbavu 5 zikavunjika, na mfupa wa mgongo pia. Akapelekwa hospitali kwa ndege. Mkataba ukaisha mwisho wa mwaka huo, basi.

Sasa niambie, kati ya Froome na Yates, nani aliitendea timu yake vizuri? Yule aliyekaa miaka 5 akila mshahara wa bingwa na miguu imegoma, ama yule aliyesema mapema sina tena, tafuteni mtu, mshahara wangu mpeni mwenye njaa? Simlaumu Froome. Aliamini atarudi, na ukishawahi kurudi mara moja kutoka kwenye giza unafikiri utarudi kila mara. Lakini kama tunapima uaminifu kwa faida ya timu na si kwa urefu wa mkataba, Yates aliwapa Visma msimu mmoja wenye Giro, na akawaachia nafasi ya mwaka wa pili.

Na sisi Wakenya tuna unafiki wetu kidogo hapa. Froome alichukua leseni ya Uingereza 2008 na wengi walimwona ametuuza. Lakini kumbuka alikotoka. Mwaka 2006, alivyosimulia mwenyewe baadaye, aliingia kwenye barua pepe ya ofisa wa chama cha baiskeli cha Kenya akajisajili mwenyewe kwa mashindano ya dunia ya vijana huko Salzburg, akaenda, na sekunde chache baada ya kuanza akamgonga mwamuzi. Inachekesha, lakini pia inakuambia ni mlango gani ulikuwa wazi kwa mwendesha baiskeli wa Kenya. Akishinda tunasema ni wetu, akianguka ni wa Waingereza.

Siku Yates alilipwa deni

Mei 31, 2025. Giro imerudi Finestre, mkondo wa 20, siku moja kabla ya Roma. Jezi ya waridi iko kwa Isaac del Toro, kijana wa Mexico wa miaka 21 kutoka UAE. Wa pili ni Richard Carapaz wa Ecuador, ambaye pia alikuwa kwenye mlima huo 2018. Yates ni wa tatu, dakika 1 na sekunde 21 nyuma. Kumbuka pacha wake, Adam Yates, alikuwa kwenye hiyo Giro na timu ya Del Toro. Hao mapacha walikuwa timu moja kwa miaka mingi, wakaachana Adam alipoenda Ineos 2021, na kwenye Tour ya 2023 siku ya kwanza kabisa pale Bilbao walifika mbele wawili tu, Adam akamchapa Simon. Undugu mezani, kazi barabarani.

Simon alitoka kwenye ile murram. Del Toro na Carapaz wakabaki wanaangaliana, kila mmoja akingoja mwenzake afanye kazi. Huo mchezo wa "anza wewe" tunaujua, wapishi wawili chungu kimoja na ugali unaungua.

Lakini Yates asingefaulu peke yake bondeni. Kule mbele, timu yake ilikuwa imemtuma Wout van Aert asubuhi kwenye kundi la waliotoroka. Van Aert ni supastaa mzima, ana mikondo ya Tour kibao, si mtu wa kubeba chupa. Siku hiyo alivuka Finestre, akamngoja Yates, akamweka mgongoni akamvuta bondeni kuelekea mlima wa mwisho wa Sestriere. Pengo likaenda zaidi ya dakika 5. Yates akalia mstarini, na kesho yake akachukua Giro kwa dakika 3 na sekunde 56.

Van Aert, kwa taarifa yako, alisaini na Visma 2024 mkataba wa kudumu mpaka atakapostaafu. Kwa hiyo una wasee wawili timu moja. Mmoja amesema nitakaa hapa mpaka niache baiskeli. Mwingine alikaa msimu mmoja akaondoka. Siku ile bondeni hakuna aliyewauliza tarehe za mikataba yao.

Na mimi nafikiri Finestre ndiyo ilimwachilia Yates. Miaka 7 alikuwa anabeba ule mlima. Alipoulipa, alikuwa abaki kufanya nini? Kurudi Januari kupima wali ili Vingegaard ashinde? Kuna mtu angeweza na angefurahia. Yeye hakuwa huyo mtu tena, na alijua.

Kitu kimoja lazima tukiseme bila kuficha. Kuacha kazi ukiwa na miaka 33 ni anasa. Yates anaweza kuamka akatoka kwa sababu aliomoka. Hapa kwetu hesabu ni nyingine. Suleiman Kangangi, kapteni wa Team Amani na mmoja wa waendeshaji bora Kenya imewahi kutoa, wa tatu kwenye Tour of Rwanda 2017, alifariki Agosti 2022 baada ya kuanguka kwenye mbio za murram huko Vermont, Marekani. Alikuwa na miaka 33. Umri ule ule. Kazi yake ilikuwa kuwavuta vijana nyuma yake, kwa baiskeli na kwa maisha, kufungua njia ambayo yeye mwenyewe aliipata akiwa amechelewa. Septemba 2025 mashindano ya dunia yalikuja Afrika kwa mara ya kwanza, Kigali, barabara zikajaa watu mpaka wageni wakashangaa. Lakini bado kijana wa Eldoret au Kikuyu mwenye miguu hana shida ya kustaafu mapema. Shida yake ni kuanza mapema.

Aliyeshinda pale Kigali ni Pogačar, na yeye ndiye wa kuangaliwa sasa. Ana miaka 27, Tour 4, na mkataba na UAE mpaka 2030. Wakati wa Tour ya 2025, iliyomwacha amechoka waziwazi hata akiwa na jezi ya njano, aliongea kuhusu Olimpiki ya Los Angeles 2028 kama lengo, na kwamba baada ya hapo anaweza kuanza kufikiria kuacha. Atakuwa anafikisha miaka 30. Karatasi itakuwa bado na miaka miwili. Akisema bas siku hiyo, wale wanaomtupia Yates mawe leo watahitaji mawe mengi zaidi.